Kadi ya taulo bafuni: je, tuwaandikie wageni kwamba wenzao wengi wanaitikia?

*Swali:* "Mimi ni msimamizi wa vyumba katika hoteli ya vyumba 40, upande wa mashariki wa Unguja. Kisima chetu huingia chumvi wakati wa kiangazi, na mara nyingine tunalazimika kununua maji ya boza. Tumeweka kadi bafuni inayosema: 'Kila siku wageni wengi huacha taulo zifuliwe bila sababu na maji mengi hupotea. Tafadhali okoa mazingira, tundika taulo yako.' Tangu tuiweke sijaona tofauti, rundo la dobi ni lile lile. Sasa meneja mpya ametoka semina na wazo kwamba tuandike asilimia 75 ya wageni wetu hutumia taulo zaidi ya siku moja. Hatujawahi kuhesabu, lakini anasema utafiti wa Marekani umeonyesha sentensi hiyo inafanya kazi. Mimi moyo unasita. Tena wageni wengine wameshaniambia usoni kwamba hoteli inataka kupunguza gharama zake tu. Je, sentensi hiyo inafanya kazi kweli? Tuiandike? Na kama si hiyo, tufanye nini?"

*Jibu:* Ndugu yangu, moyo wako unasita kwa haki. Swali lako limefunga mambo matatu pamoja: kama maneno ya "wageni wengi" yana nguvu kweli, kama inafaa kuyaandika bila kuhesabu, na namna ya kumjibu mgeni anayeona mnajali mfuko wenu tu. Nikutoe wasiwasi mapema. Maneno hayo yana nguvu, ingawa si kubwa kama inavyosimuliwa kwenye semina. Namba ambayo hamkuihesabu msiiandike. Na kabla hamjaandika chochote kipya, iondoeni kadi iliyopo, maana inafanya kazi kinyume na mnavyotaka.

Tuanze na hiyo kadi. Aliyeitunga alikuwa na nia njema, alitaka mgeni auone ukubwa wa tatizo. Lakini jaribu kuisoma kama anavyoisoma mtu aliyefika jana usiku kutoka Milano, hajui hapa watu wanaishi vipi, na amesimama bafuni na taulo mbichi mkononi. Sentensi ya kwanza inamwambia kwamba wageni wengi huziacha taulo zifuliwe kila siku. Basi ameshapata jibu la swali lake: ndivyo wanavyofanya wenzangu. Ombi linalofuata limekuja limechelewa.

Hili limepimwa. Katika hifadhi ya Petrified Forest, jimbo la Arizona huko Marekani, wageni walikuwa wakiokota vipande vya miti ya kale iliyogeuka mawe na kuondoka navyo. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walitawanya njiani vipande walivyovitia alama, kisha wakawa wanabadilisha vibao. Palipokuwa na kibao kinacholalamika kwamba wageni wengi waliopita wameondoka na vipande na kuiharibu hifadhi, karibu asilimia 8 ya vipande viliibwa. Palipokuwa na kibao kinachoomba tu vipande visiondolewe, vilivyoibwa havikufika asilimia 2. Lalamiko lilikuwa la kweli, na lilizaa wizi zaidi. Kosa hili tunalo kila mahali. Tukitaka kukomesha jambo baya tunaanza kwa kutangaza kwamba kila mtu analifanya, na wasikilizaji wanaondoka wakiwa wamejifunza hilo tu.

Sababu yake ni kwamba mtu husoma vitu viwili kwa wenzake. Cha kwanza ni wanachokifanya, cha pili ni wanachokiona kuwa ni sawa au si sawa. Mara nyingi hivi viwili huandamana, lakini si lazima: makondakta wengi wa daladala hujaza abiria kupita kiasi, na karibu kila abiria analichukia jambo hilo. Vikitofautiana, macho huelekea kukifuata kinachofanywa. Na mvuto huo huzidi pale mtu asipokuwa na uhakika wa la kufanya, hasa akiwa ugenini. Wahenga walilijua hili zamani waliposema ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Nyumbani kwake mgeni wako ana desturi yake ya taulo na hahitaji kuulizwa. Kwenu hajui. Hajui kama kuitumia tena kutaonekana ubahili au ustaarabu, hajui kama mhudumu atakasirika, hajui hata ndoano iliyo nyuma ya mlango ni ya taulo au ya nguo. Katika hali hiyo neno dogo kuhusu wenzake lina uzito mkubwa.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa meneja wako alisikie, kwa sababu huwapotosha wengi. Watu hawatambui kwamba wanafuata wenzao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wakazi wa California waliulizwa kwa nini wanabana matumizi ya umeme. Walitaja mazingira, walitaja faida kwa jamii, walitaja pesa, na majirani wakawaweka mwisho kabisa. Lakini takwimu zilipochambuliwa, imani ya mtu kuhusu majirani zake ndiyo iliyoendana zaidi na matumizi yake. Kwa hiyo ukigawa fomu na kuwauliza wageni ni kadi ipi ingewagusa, watakuchagulia ile ya mazingira, tena kwa moyo mweupe. Itazame mikono yao, rafu na vikapu, usiishie kwenye fomu.

Sasa huo utafiti wa taulo. Ulichapishwa mwaka 2008 na Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius, na ulifanyika katika hoteli ya daraja la kati yenye vyumba 190, kusini-magharibi mwa Marekani. Vyumba vingine viliwekewa kadi ya kawaida ya kulinda mazingira. Vingine viliwekewa kadi iliyosema kwamba karibu asilimia 75 ya wageni walioombwa kushiriki walitumia taulo zao zaidi ya mara moja. Kwa kadi ya kawaida walioitikia walikuwa asilimia 35, kwa kadi ya wenzao asilimia 44. Ni tofauti ya pointi tisa, iliyopatikana kwa kubadilisha maneno kwenye kipande cha karatasi kisichogharimu zaidi ya kile cha awali.

Wakaenda mbele zaidi. Katika jaribio la pili waliongeza kadi iliyotaja wageni waliokaa katika *chumba hiki hiki*, kwa namba ya chumba, na hiyo ndiyo iliyoshinda zote: asilimia 49 waliitikia, dhidi ya 37 kwa kadi ya kawaida. Ukifikiri kwa utulivu, aliyelala chumba namba 14 juzi si ndugu yako, humjui na hutamjua. Watu walipoulizwa pembeni, waliliweka kundi hilo chini kabisa kwa umuhimu maishani mwao. Lakini huyo ndiye aliyekuwa katika hali ile ile uliyo nayo sasa, bafu lile lile, ndoano ile ile, swali lile lile. Alichofanya yeye kinakufaa kama mwongozo kuliko wanachofanya raia wema wa dunia nzima.

Na ile 75 ilitoka wapi? Haikutungwa. Ilitokana na takwimu za sekta ya hoteli kuhusu wageni wanaotumia taulo tena angalau mara moja katika muda wote wa kukaa kwao. Watafiti wenyewe walipima kwa masharti magumu zaidi: waliangalia siku ya kwanza tu ambayo mgeni angeweza kushiriki, na taulo iliyoning'inia kwenye kitasa au ndoano ya mlango hawakuihesabu. Ndiyo maana namba zao ni ndogo kuliko 75. Meneja wako akiinakili namba hiyo na kuibandika Unguja, atakuwa amechukua jibu la swali jingine, la watu wengine, mahali pengine.

Najua atakwambia, "Nani atajua?" Mgeni atajua. Saa nne asubuhi akitoka kwenda kuogelea anapishana koridoni na toroli la mhudumu limejaa taulo hadi juu, milango sita mfululizo iko wazi na kila kizingiti kina rundo lake. Kadi inasema robo tatu ya wageni wanatundika, na macho yake yanaona vingine. Kuanzia hapo hamwamini wala kadi, wala kibao cha matumbawe, wala maneno yenu kuhusu samaki waliovuliwa kijijini. Lakini hata kama asingejua, kumwandikia mtu uongo ili afanye jambo jema ni kumtumia, na mimi siwezi kukushauri hivyo.

Upande wa pili wa mizani nao una haki ya kusikika. Mwaka 2014 Gerd Bohner na Lena Schlüter walirudia jaribio hili katika hoteli za Ujerumani, na kadi ya "wageni wengi" haikuishinda kadi ya kawaida. Huko walioitikia walikuwa wengi tangu mwanzo, na mtu ambaye ameshazoea kutundika taulo hana jipya la kujifunza kwa wenzake. Miaka miwili baadaye watafiti wengine waliunganisha matokeo ya tafiti saba za taulo na kuona kwamba, zikitazamwa kwa pamoja, zinaunga mkono nguvu ya maneno hayo. Basi mimi husema hivi kwa wenye hoteli: tegemea msukumo wa kiasi, unaobadilika kulingana na wageni ulio nao, na usitegemee muujiza. Hoteli inayopokea wageni ambao tayari wana mazoea haya huenda isione kitu.

Kwa hiyo hesabuni. Wewe ndiye mtu sahihi wa kazi hii, kwa sababu karatasi ya vyumba ya kila asubuhi inapita mikononi mwako. Ongeza safu mbili: taulo zilizotundikwa, taulo zilizowekwa chini au kikapuni. Hesabu vyumba vya wageni wanaoendelea kukaa tu. Anayeondoka leo taulo zake zinafuliwa hata iweje, na ukimchanganya humo unaharibu picha yote. Wiki mbili za hesabu ya kweli zinatosha kuwaonyesha mlipo. Mkitaka kulinganisha kadi mbili, wekeni moja kwenye vyumba vya namba shufwa na nyingine kwenye vyumba vya namba witiri, halafu baada ya muda mzibadilishane, ili vyumba vya mbele ya bahari na vya nyuma visipendelee kadi moja. Lakini hapo muwe na subira: ili kuona kwa uhakika tofauti kama ile ya Marekani mnahitaji karibu matukio mia tano kwa kila kadi, yaani vyumba mia tano vilivyohesabiwa. Kwa hoteli ya vyumba 40 hiyo si kazi ya wiki mbili.

Mkikuta wengi wanatundika, mmeshapata sentensi yenu. Ningeiandika hivi, kwa lugha za wageni wenu, namba yenu halisi ikiwa pale nilipoandika 6: "Wageni 6 kati ya 10 waliokaa hapa zaidi ya usiku mmoja mwezi uliopita walitumia taulo zao tena, wakiwemo waliokaa katika chumba hiki. Karibu uungane nao. Taulo iliyo kwenye kamba tutaiacha. Iliyo kikapuni tutaibadilisha." Angalia kwamba haina lalamiko, haimpi mgeni hofu, na inamwambia waziwazi cha kufanya kwa mkono wake. Kuhusu hayo maneno "katika chumba hiki", yaandikeni tu pale mnapokuwa na hesabu ya chumba chenyewe. Muitazame namba upya kila msimu.

Na mkikuta ni wachache? Hapo ndipo watu wengi hushikwa na kishawishi cha kuongeza chumvi. Msiongeze. Msiandike pia "ni asilimia 25 tu ya wageni wanaotusaidia", kwa sababu mmerudi kule kule Arizona. Ipo njia ya kweli, nayo ni kuonyesha mwelekeo. Gregg Sparkman na Gregory Walton walichapisha mwaka 2017 utafiti uliofanyika kwenye mgahawa wa chuo: kati ya waliosoma kwamba asilimia 30 ya Wamarekani hujitahidi kula nyama kidogo, walioagiza chakula kisicho na nyama walikuwa asilimia 17, na kati ya waliosoma kwamba asilimia 30 *wameanza* kujitahidi, walikuwa asilimia 34. Mtu hufuata si tu palipo na wengi, bali hata wanakoelekea. Mkihesabu mwezi huu na ujao na namba ikapanda, semeni kwamba wageni wanaotundika wanaongezeka. Isipopanda, kaeni kimya kuhusu namba, ombeni kwa adabu, na mshughulikie chanzo.

Chanzo mara nyingi kiko chumbani humo humo. Ninapozungukia mahoteli ya pwani huwa naomba kuonyeshwa bafu kabla ya kadi. Bafu halina dirisha, kuna ndoano moja, na watu wawili wana taulo nne. Wakati wa masika taulo iliyokunjwa juu ya ndoano haikauki hata kwa usiku mzima. Asubuhi ni mbichi na imeanza kunuka uvundo. Hapo mgeni hakuwa na uchaguzi, taulo imeshaharibika. Kamba fupi barazani na vibanio vinne, au fito ndefu ya ukutani inayoruhusu taulo kutandazwa, inaweza kuwafanyia kazi kuliko sentensi yoyote. Na kikapu kiwekwe, ili anayetaka kubadilishiwa asilazimike kuitupa sakafuni, na mhudumu asibaki kubahatisha.

Kisha tutazame wahudumu wenyewe. Mgeni anasoma kadi, anatundika taulo kwa uangalifu, anakwenda Jozani kuwaona kima punju. Anarudi jioni, kitandani wamekaa bata maji wawili wa taulo nyeupe mpya, shingo zimegusana, maua ya waridi yametandazwa mbele yao. Ni sanaa nzuri na imemchukua mhudumu muda. Lakini imemjibu mgeni: hapa taulo hubadilishwa kila siku, ombi lile lilikuwa la maneno. Kesho hatatundika. Mhudumu usimlaumu, kwani amefundishwa kwamba chumba kizuri ni chenye taulo mpya, mkaguzi wake anaangalia hivyo, na bata wale ndio wanaomletea bahashishi. Muwaelekeze wahudumu wamtengeneze bata huyo kwa taulo zile zile zilizotundikwa zikiwa kavu, au wamtengeneze siku ya kwanza tu na siku nyingine wapambe kwa maua peke yake. Wakati huo huo kagua kazi yao kwa kipimo kipya: taulo iliyotundikwa imeachwa? Mhudumu mmoja anayebadilisha kila kitu anaifuta kadi nzima.

Sasa wale wageni wanaosema mnataka kubana gharama. Hawajakosea, na ni bora mkubali. Sabuni, umeme wa mashine, maji ya boza, uchakavu wa taulo, vyote ni pesa. Shaka hii ni ya siku nyingi: mwaka 1986 mwanamazingira Mmarekani Jay Westervelt alizishambulia hoteli zilizowaomba wageni wahifadhi taulo kwa jina la mazingira huku zenyewe zikiendelea na uharibifu mwingine mkubwa. Mgeni anayekuuliza hivyo anakuuliza kitu kimoja: na ninyi mnafanya nini?

Kwa hapa Unguja swali hilo ni zito. Mtafiti Stefan Gössling alichapisha mwaka 2001 hesabu za pwani ya mashariki ya Zanzibar: mgeni mmoja alitumia kwa wastani kama lita 685 za maji kwa siku. Katika hoteli kubwa, karibu nusu ya maji iliishia kumwagilia bustani, kama asilimia 15 kwenye mabwawa ya kuogelea, na usafi pamoja na ufuaji wote ulichukua kama asilimia 10. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitazama Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Kaya ya kawaida kijijini ilitumia lita 93 kwa siku, hoteli ya nyota tano lita 3,195 kwa chumba kimoja. Ziweke hizo hesabu mbele ya meneja wako. Hata wageni wote wakitundika taulo mwaka mzima, kinachookolewa ni sehemu ya asilimia 10. Kinyunyizio kinachomwaga maji baridi juu ya majani saa saba mchana, mbele ya macho ya mgeni, kinakula zaidi na kinaongea kwa sauti kuliko kadi. Hoteli yenu ina hesabu zake, kwa hiyo fungeni mita tofauti za bustani, bwawa, dobi na vyumba. Mwagilieni jioni, kwa maji ya dobi na mabafu yaliyochujwa ipasavyo, na pandeni mimea inayohimili maweni na upepo wa chumvi. Hayo yakifanyika, ombi lenu kwa mgeni lina miguu ya kusimamia.

Kuna namna nyingine ya kumjibu mwenye shaka ambayo imepimwa na naipenda sana. Hoteli nyingi huandika, "Ukitundika taulo, tutachangia mfuko wa mazingira." Goldstein, Griskevicius na Cialdini walionyesha mwaka 2011 kwamba ahadi hiyo ya "ukifanya tutatoa" haisaidii kitu. Kilichosaidia ni hoteli kutangulia kutoa, bila sharti, kwa niaba ya wageni, halafu ndiyo iwaombe washiriki. Aliyetanguliwa kwa wema huona ana deni la wema, na kwetu hilo halihitaji maelezo marefu. Kwenu linaweza kuwa jambo la karibu kabisa: kaeni na sheha, muulize kijiji kinahitaji nini katika maji, labda tangi la shule au ukarabati wa mfereji, mtoe kwanza, halafu kadi iseme: "Kwa niaba ya wageni wetu hoteli imeshachangia tangi la maji la shule ya kijiji. Tusaidie kwa kutundika taulo yako." Liwe kweli, na mgeni akitaka kwenda kuliona apelekwe.

Mapokezi nako kuna nafasi. Katika utafiti uliofanyika hoteli moja ya California na kuchapishwa mwaka 2013, mgeni aliyeahidi wakati wa kujiandikisha kwamba atajali mazingira, akapewa na beji ndogo ya kuvaa, alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutundika taulo, zaidi ya robo kuliko wengine. Ahadi ilimbana kwa sababu aliitoa mwenyewe, na beji ikawa inaonekana. Lakini fanyeni hivyo kwa hiari kweli. Mgeni aliyetoka uwanja wa ndege amechoka na watoto wanalia, usimtie saini ya ahadi pale mezani.

Njia yenye nguvu kuliko zote haihitaji maneno mengi, nayo ni kubadilisha utaratibu wenyewe: taulo zibadilishwe kila siku ya tatu au mgeni anapoomba, badala ya kila siku isipokuwa akizitundika. Watafiti wakiongozwa na Sara Dolnicar, waliofanya majaribio katika hoteli za Slovenia, waliona maombi matupu ya mazingira hayakufua dafu, ilhali kubadilisha utaratibu, au kumgawia mgeni sehemu ya kilichookolewa kama vocha ya kinywaji, kulileta mabadiliko. Dafu moja la baridi kwa chumba kisichohitaji usafi leo ni jambo mnaloliweza kesho. Ila nina tahadhari hapa, na naisema kwa uzito. Huko Marekani vyama vya wafanyakazi wa hoteli vimelalamika kwamba mipango ya kuruka usafi wa vyumba imewapunguzia wahudumu saa za kazi na kipato, na chumba kilichoachwa siku tatu ni kigumu zaidi kukisafisha. Mkibadilisha utaratibu, semeni mapema na wahudumu wenu, saa zao zilindwe, na kilichookolewa kiwafikie na wao. Bila hivyo watakuwa na kila sababu ya kuwabadilishia wageni taulo kimyakimya.

Hukuuliza kuhusu bufee, lakini kanuni ni zile zile na faida huwa ya haraka. Katika hoteli za Norway, utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba sahani ndogo zaidi, au kibao kinachomkaribisha mgeni kurudi kuchukua tena na tena, kila kimoja kilipunguza chakula kinachotupwa kwa karibu asilimia 20. Kibao hicho kinamwambia kwamba kurudi si uroho.

Mwisho, yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Mkitaka kulinganisha kadi kwa uhakika, ongeeni na chuo kikuu cha SUZA, kampasi ya utalii ya Maruhubi. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti atawahesabia vizuri na mtapata matokeo ya kuaminika. Maji ya dobi yasirudishwe bustanini bila fundi wa maji taka kuja kuangalia sabuni mnazotumia na mteremko wa ardhi kuelekea kisimani. Na hicho kisima chenyewe kinanitia hofu kuliko taulo. Upande wenu wa mashariki maji baridi ni tabaka jembamba lililokaa juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba wa matumbawe, na pampu ikivuta kupita kiasi chumvi hupanda, na visima vya majirani huathirika pamoja na chenu. Msisubiri kiangazi kijacho. Mwombeni mtaalamu wa maji chini ya ardhi kupitia Mamlaka ya Maji Zanzibar aje kupima chumvi na kiwango cha uvutaji, na aanze kabla hamjaongeza chumba kingine hata kimoja.